Mimi nilichungwa, dada akasahauliwa

Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mimi ndiye niliyekuwa nikichungwa. Nikichelewa kidogo kurudi kutoka soko la Mgandini, namkuta mama amesimama barazani. Nikicheka na kijana wa dukani mchana, jioni baba ameshazipata habari. Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka miwili, hakuchungwa na mtu. Alikuwa mpole, anaswali kwa wakati, anafua sare zake na zangu, akiulizwa jambo anajibu kwa neno moja na kuendelea na kazi. Wageni wakija mama alikuwa akituonyesha kwa kidole: "Huyu hana tabu. Tabu yangu ni huyu wa pili."

Naandika kwa ajili ya wazazi wenye mabinti wawili wa aina hiyo, na kwa mabinti wenyewe kama wanasoma. Dada ameyasoma haya kabla yenu. Kuna mahali alisema nitoe, nimetoa. Jina lake amekataa nisiliandike, nami nikaona heri langu nalo nilifiche, maana Tanga ni ndogo.

Ilikuwa mwaka 2012. Dada yuko kidato cha nne, mimi cha pili. Baba alikuwa kibarua bandarini. Wakati ule meli kubwa zilikuwa haziwezi kufika gatini. Zinatia nanga nje na mizigo inaletwa kwa matishari. Kazi ikawa ya kungoja meli: wiki hii pesa ipo, wiki mbili zinazofuata mnakula mihogo. Hayo tuliyazoea. Ambacho hatukukizoea ni meli kuja, baba kwenda kazini, na pesa bado isionekane. Mama akaanza kukaanga vitumbua alfajiri na kuuza. Usiku tukiwa kitandani tunasikia sauti chumbani kwao, ya mama ikipanda, ya baba ikikata, kisha mlango.

Mimi habari niliipata bombani. Msichana mmoja wa Makorora aliniambia, bila ubaya wowote, kwamba baba yangu siku hizi ni jirani yao. Nilirudi na ndoo nusu. Usiku nikamnong'oneza dada kwamba baba ameoa. Akanijibu, "Najua."

Tangu lini?

"Tangu Ramadhani ya mwaka jana."

Kumbe mama alimwambia yeye. Na hakumwambia mara moja akaishia hapo. Alimfanya msiri wake kwa karibu mwaka mzima: mahari iliyotolewa, deni la dukani, majina ya waliokula karamu, hata safari ya kwenda Makorora usiku kuitazama hiyo nyumba kwa mbali alikwenda na dada. Mimi nilifichwa kwa sababu ya mdomo wangu. Dada alibebeshwa kwa sababu ya ukimya wake. Sijui lipi lilikuwa baya zaidi, lakini mimi angalau nilikuwa nalala usingizi.

Akina mama, hapa ndipo ningependa mkae kidogo. Najua mke aliyeolewa juu yake hana pa kupumulia. Mwenzako wa kumweleza ni dada yako wa tumbo moja, ni somo yako, ni shoga uliyekua naye, ni bibi yake huyo mtoto. Binti wa miaka kumi na sita akikusikiliza bila kulia, haina maana kwamba ameweza. Dada alikuwa anatoka chumbani kwa mama anakuja kufungua daftari la fizikia, na ukurasa haugeuki.

Sasa mapenzi.

La kwangu lilikuwa la kwanza kujulikana, kwa sababu nililitangaza mwenyewe. Kijana wa mtaa wa pili, winga wa timu ya watoto, ana jezi ya Coastal Union iliyopauka ambayo nadhani hakuwahi kuivua. Nilimwambia dada, nikawaambia wenzangu darasani, na kwa ujinga wa miaka kumi na minne nikamwambia hata mama. Mama alinifokea, akanikataza kukanyaga uwanja wa Mkwakwani, na alipomaliza akaniketisha jikoni akaanza maswali: anaitwa nani, mtoto wa nani, anasoma wapi, amekwambia nini, wewe umemjibu nini. Akanieleza bila kuzunguka ni yapi ya kukataa na namna ya kuyakataa. Yule winga baada ya muda alipata mwingine mtaa wa Chuda. Nikalia mchana kweupe, mbele ya chai, na bibi akanicheka mpaka akapaliwa. Penzi likaishia hapo, na mimi nikabaki na somo zima la mama.

Somo hilo dada hakulipata kamwe. Hakulihitaji, walidhani.

Dada na wa kwake walikutana tuisheni ya jioni. Kijana wa shule nyingine, kidato kilekile, mrefu, naye si msemaji. Walianza kwa kubadilishana madaftari, barua zikiandikwa kurasa za nyuma. Baadaye akampa simu ndogo ya tochi, ikawa inalala ndani ya kopo la unga wa mtama ambalo hakuna aliyelifungua. Mimi nilijua kwa kuwa tulilala kitanda kimoja na mwanga ulikuwa unapenya kwenye shuka. Nilinyamaza. Watu wa kwetu mpaka leo hawaamini kwamba niliweza.

Miaka mingi baadaye dada alinisimulia walichokuwa wakiandikiana. Nilitegemea mashairi. Alikuwa anamwandikia habari za baba. Mama leo hakula. Baba amerudi, hawasemezani. Naogopa mtihani. Na kijana wa watu alikuwa anajibu: "Wewe umekula?" Kila usiku. "Umekula?" Ukiuliza nyumbani kwetu nani mwaka ule alimwuliza dada kama amekula, hapakuwa na mtu.

Baba aliiona simu zikiwa zimebaki wiki chache mtihani uanze. Aliingia jikoni kutafuta kiberiti, kopo likatetemeka. Sitaeleza kipigo. Cha kueleza ni kesho yake: alimpeleka zahanati kupimwa mimba. Miaka ile mimba ilikuwa mwisho wa shule, wasichana walipimwa shuleni na aliyekutwa nayo alifukuzwa. Ni Novemba 2021 ndipo serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu waliojifungua kurudi darasani. Kwa hiyo hofu ya baba ilikuwa na msingi wake. Namna alivyoifanya ndiyo sikubaliani nayo: alimkokota mchana mbele ya mtaa mzima, na yeye mwenyewe akampokonya nesi karatasi. Majibu yakatoka hamna kitu. Hamna aliyemwomba radhi. Dada alirudi, akachukua beseni, akaanza kufua.

Jioni baba akaketi sebuleni kutoa mawaidha. Heshima, aibu, kuficha mambo. Aliposema mara ya tatu kwamba mtoto anayeficha jambo nyumbani anaivunja nyumba, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Na wewe Baba, wa Makorora ulimwambia nani?"

Kofi lake nalikumbuka. Ila lilipokwisha hapakuwa tena na cha kuficha. Mama akatoka chumbani, wakasemezana mbele yetu mambo ambayo kila mmoja alikuwa anayajua peke yake. Usiku ule baba alichukua begi. Kuna jamaa wanasema mimi ndiye niliyevunja ndoa ya wazazi wangu. Nimewasikia mara nyingi, sasa nikiwapita nawaamkia tu.

Dada akafanya mtihani katika hali hiyo, bila simu, na bila yule kijana, ambaye wazazi wake walipofikiwa na baba walimhamishia kwa mjomba wake Dodoma amalizie huko. Akawa hana pa kusema kabisa. Alikonda. Nywele akaacha kusuka.

Matokeo ya mwaka ule wengi mnayakumbuka. Yalitoka Februari 2013, na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima walipata sifuri, yaani daraja la kufeli. Ikawa gumzo la taifa: bungeni, redioni, kwenye daladala. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, na baadaye serikali ikayafuta matokeo yale yakapangwa upya kwa viwango vya mwaka uliotangulia. Dada alikuwa miongoni mwa sifuri za Februari. Mei akapandishwa hadi daraja la nne, alama za chini kabisa.

Kwa familia yetu lile janga la taifa lilikuwa ahueni. "Wamefeli wote," baba alisema, na mama, ambaye siku hizo walikuwa hawakubaliani hata kuhusu hali ya hewa, akamuunga mkono. Aliyekuwa wa tatu darasani tangu kidato cha kwanza amepata sifuri, na hakuna aliyekaa naye kumwuliza kimempata nini, kwa kuwa gazeti lilikuwa limeshajibu. Mzazi, mtoto wako akianguka pamoja na wengi, bado muulize yeye peke yake ameangukaje.

Kati ya Februari na hiyo Mei ikaja posa. Mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, mtu mzima, ana mke. Hakuwa mtu mbaya, nataka nimtendee haki. Aliambiwa kuna binti mpole amemaliza shule, akatuma wazee. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa inaruhusu msichana aolewe tangu miaka kumi na mitano mzazi akiridhia, na dada alikuwa na kumi na saba. Vifungu hivyo Mahakama Kuu ilivitamka kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo 2019. Sisi tulikuwa 2013. Kwa upande wa umri, sheria haikumzuia baba.

Wakamwita dada ukumbini. Mzee mmoja akamwuliza kwa upole kama ameridhia. Dada akainamisha kichwa. Kwetu mnajua mambo haya: mwali akinyamaza, ameridhia. Wazee wakaanza kusema alhamdulillahi.

Shangazi alikuwepo. Dada yake baba, kaja kutoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, na kila mtu alitegemea awe upande wa kaka yake. Akasema, "Ngojeni. Huyu mtoto tangu lini mkamsikia akisema? Leo kunyamaza kwake mnakuleta hapa kama jibu?" Halafu akamgeukia baba: "Kaka, mtoto haozwi kwa hasira. Nipe mimi, nikae naye. Akija kukubali kwa mdomo wake, nitamleta mwenyewe."

Baba akakubali kwa kuwa ni dada yake mkubwa, na nadhani pia kwa kuwa alichoka. Mwenye machungwa akangoja kidogo, akaoa pengine.

Mama huku alikuwa ameshaanza safari zake za kudai talaka. Wanaoingia huko nawaeleza kwa ufupi: huwezi kwenda mahakamani kudai talaka moja kwa moja, lazima kwanza upite baraza la usuluhishi wa ndoa, na kwa Waislamu mara nyingi hilo hukaa BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania. Likishindwa kuwapatanisha linakupa hati ya kwenda nayo mahakamani. Tunza kila karatasi. Mama aliuza bangili yake ya dhahabu kwa ajili ya nauli na ada, na karibu aache dai la nyumba kabisa, akisema yeye hakuwa na mshahara, atadai nini. Msaidizi wa kisheria mmoja ndiye aliyemzindua: tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama hakupata alichostahili chote, ila alipata vyumba viwili na ukumbi ambamo anakaa hadi leo.

Na sisi watoto tuliulizwa. Sheria inataka mtoto mwenye umri wa kujieleza asikilizwe kuhusu mahali anapotaka kukaa. Alikuja mama mmoja kutuuliza, akatuketisha pamoja kwenye mkeka mmoja, mama yetu yuko mlango wa pili. Mimi nikatoa hotuba. Nikaeleza za mama, za baba, za Makorora, za shule, mpaka kalamu ya yule mama ikashindwa kunifuata. Akamgeukia dada: na wewe? Dada akasema, "Popote tu." Likaandikwa hivyo.

Kama una nafasi ya kuuliza watoto, wazazi wao wakiachana, usiwaulize pamoja. Anayesema atasema kwa wote wawili, na aliyenyamaza utaandika kwamba hana neno. Wala usimkalishe mkimya mbele yako na kumtazama machoni, utamfunga zaidi. Shangazi hakufanya hivyo. Kule Bweni wanawake wanasuka ukili kwa ajili ya mikeka, na dada alifundishwa. Wanakaa mchana kutwa, mikono inakwenda, macho yako kwenye miyaa. Shangazi hakuuliza kitu. Alisimulia yake: ndoa yake ya kwanza, mtoto aliyemzika, kijana aliyempenda kabla ya kuolewa ambaye mpaka leo akisikia jina lake anasimama kidogo. Hilo la mwisho nadhani ndilo lililofanya kazi. Siku moja dada akaanza kusema, akasema mpaka magharibi ikaingia, na shangazi hakuacha kusuka hata pale alipokuwa analia.

Nilikuwa nikienda kumtembelea likizo, kwa basi la njia ya Pangani enzi ile ya vumbi, unafika rangi nyingine, halafu unavuka kwa kivuko. Mara ya kwanza nilimkuta amesuka nywele twende kilioni, ananitania. Nilikaa kimya mimi.

Kuhusu kurudia mtihani, tulipoteza mwaka mzima. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo wa mwaka, na miezi hiyo sisi tulikuwa tukigombania posa. Kama mtoto wako ameanguka, jambo la kwanza asubuhi ya matokeo, kabla ya kulaumiana, ulizieni kituo cha mtihani na tarehe ya mwisho. Dada akarudia 2014, akachagua masomo machache aliyoyaweza, fizikia akaiacha makusudi. Alipata za kumwingiza chuo cha uuguzi. Leo ni nesi wa wodi ya wazazi, na wenzake wananiambia wasichana wadogo wanaokuja kujifungua wanamtaka yeye, kwa sababu hafoki.

Mambo mengine machache, kwa yanavyonijia. Simu ya mtoto ukiikuta, isome kabla ya kupandisha mkono. Baba angesoma zile jumbe angekutana na maisha ya nyumba yake mwenyewe. Msichana aliyebanwa nyumbani na hana shangazi wa Bweni anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto, au kwenda dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ndugu mdogo unayejua siri ya dada yako, mchague mtu mzima mmoja asiye na hasira, umwambie. Huyo mara nyingi si mzazi.

Yule kijana wa tuisheni ana mke na watoto, yuko Dodoma. Walikutana harusini, wakasalimiana, akamwuliza dada kama amekula. Wote wawili wakacheka, mkewe hakuelewa, na dada akamweleza pale pale.

Idi tunakwenda Makorora kumwamkia baba. Mama mdogo anatupikia vizuri, sina la kumsema. Baba amezeeka, anapenda kutuhadithia za bandarini, na mazungumzo yakifika kwenye shule bado anatikisa kichwa na kusema kilichomponza dada yetu ni ile simu. Mimi huwa nafungua mdomo, dada ananikanyaga mguu chini ya meza, tunaendelea kula.